UZI: Wakili anachelewesha mauzo ya nyumba Mbeya na Iringa. Jalada limekwama wapi, na unalikwamua vipi?

Mwenyeji_Forest

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili linarudi kila mara: nyumba imepata mteja, malipo ya kwanza yamepokelewa, hati iko kwa wakili, halafu kimya. Ukipiga simu unaambiwa "suala lako linafanyiwa kazi". Tuliweke hapa kwa ukamilifu, kwa sababu muuzaji asiyejua hatua zenyewe hawezi kujua kama anayemchelewesha ni wakili, ni TRA, ni ofisi ya ardhi, au ni karatasi ambayo yeye mwenyewe hajaipeleka.

Nazungumzia nyumba ya mjini yenye hati: Forest, Block T, Isanga, Itezi, na kwa Iringa kule Gangilonga, Wilolesi na kwingineko. Mashamba na viwanja visivyopimwa vina njia yake, wajuvi watakuja.

Mtiririko uko hivi. Kwanza ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati: nani ameandikwa kama mmiliki, kuna rehani, kuna zuio? Pili ni mkataba wa mauziano. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka uwe wa maandishi, kwa hiyo maneno ya mdomo mbele ya dalali hayakufikishi popote. Tatu ni uthamini. Mthamini aliyesajiliwa anafika kwenye nyumba, anapima, anapiga picha na kuandika ripoti, kisha ripoti inapelekwa kuidhinishwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Nne ni TRA, kodi ya ongezeko la mtaji. Tano ni fomu za ardhi: Na. 29 ni taarifa ya kuhamisha milki, Na. 30 ni maombi ya kibali, na Na. 35 ndiyo hati yenyewe ya uhamisho. Hizi zinakwenda na hati halisi, mkataba, ripoti ya uthamini, risiti ya kodi ya pango la ardhi, picha, vitambulisho na ridhaa ya mwenza. Mwisho ni ushuru wa stempu, ada, na usajili wenyewe.

Sasa sikilizeni. Hatua hizi si lazima zifuatane kama foleni ya benki. Siku ambayo mthamini anaitwa, ndiyo siku ya kuangalia deni la kodi ya pango, kuandaa ridhaa ya mwenza na kulinganisha majina ya kwenye hati na ya kwenye kitambulisho cha NIDA. Wakili anayesubiri ripoti ya uthamini irudi ndipo afungue ukurasa wa pili wa jalada anakupotezea muda mwingi bila kuvunja sheria yoyote, na kwa nje anaonekana yuko kazini.

Kwa hiyo acha kumuuliza "imefikia wapi?" Swali hilo linajibiwa kwa maneno. Omba karatasi. Kila hatua inaacha karatasi nyuma yake: upekuzi unaacha majibu yenye mhuri wa Msajili, uthamini unaacha ripoti yenye sahihi na idhini, TRA inaacha makadirio na namba ya malipo, masijala ya ardhi inaacha nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe yake. Kama hakuna karatasi, hatua hiyo haijafanyika. Wakili aliyeipita hatua anaweza kukutumia picha ya karatasi hiyo kwa WhatsApp saa hiyohiyo.

Kipanga_wa_Gangilonga

Kamwene wote. Naongezea upande wa Iringa na Njombe.

Kabla ya 2020 mambo ya usajili wa hati ya huku yalikuwa yanakwenda ofisi ya Kanda, Mbeya. Ndiyo maana hati nyingi za Iringa zina herufi MBYLR mbele ya namba, maana yake rejista ya Mbeya. Mwaka 2020 Wizara ilifungua ofisi za ardhi katika kila mkoa. Hati yako ikiwa ya zamani, swali la kwanza kwa wakili ni kama jalada na kumbukumbu za rejista zimeshathibitishwa kuwa ziko ofisi ya mkoa wako. Muulize kabla hajapeleka fomu. Akipeleka kwanza na jalada likatafutwa baadaye, muda wote wa kutafuta unahesabika kwako na mnunuzi anaanza kununa.

Pia kuna majalada mawili, na watu huyachanganya: lipo la halmashauri (Jiji la Mbeya, Manispaa ya Iringa) lenye historia ya ugawaji wa kiwanja na kodi, na lipo la Msajili lenye hati. Ukiambiwa "jalada halionekani", uliza lipi.

Nuru_Tukuyu

Mkuu Mwenyeji, naomba ufafanuzi kwenye ridhaa ya mwenza. Nyumba ina jina la mume peke yake. Wakili karudishiwa fomu mara mbili kwa sababu hiyohiyo.

Mwenyeji_Forest

Dada Nuru, jina moja kwenye hati halimfanyi mwenza kuwa mpita njia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ofisi ya ardhi inataka kuiona ridhaa hiyo ikiwa na jina kamili, picha, sahihi na uthibitisho wa kiapo. Kama hana ndoa, anaapa kwamba hana. Kama waliachana, aweke hukumu au talaka. Kama mwenza alifariki, cheti cha kifo. Ndoa ya wake wengi: usimwache hata mmoja nje, hata yule anayeishi kijijini, kwa sababu yeye ndiye atakayeweka zuio.

Kurudishwa mara mbili kuna chanzo ambacho watu hawakiangalii. Sheria ya Mathibitisho na Viapo inamkataza Kamishna wa Viapo (wakili anayeapisha watu) kuapisha katika jambo ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja. Wakili wako akiandaa mkataba, kisha akamwapisha mwenza kwa mhuri wake mwenyewe, ofisa makini anairudisha, na akiipitisha, siku ya mgogoro kiapo hicho ndicho kitakachoshambuliwa kwanza. Dawa ni rahisi: kiapo kiende kwa wakili mwingine asiyehusika. Mbeya mjini mawakili wako jirani jirani, ni kazi ya asubuhi moja.

Angalia pia kama kila waraka una jina na anwani ya aliyeuandaa. Sheria ya Mawakili inalitaka hilo na Msajili ana haki ya kuukataa usiokuwa nalo. Mstari mmoja tu pale chini, lakini ukikosekana jalada zima linageuka.

Mhasibu_Soweto

Niingie kwenye TRA, maana hapa ndipo "wakili anachelewa" mara nyingi ni muuzaji hajatoa nyaraka za gharama.

Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Inahesabiwa juu ya faida, bei yenyewe haihusiki. Faida ni bei uliyouzia ukitoa gharama ya kununua kiwanja, gharama ya kujenga na kuboresha, na gharama za kuuza kama dalali na wakili. Mfano: nyumba ya Ilomba imeuzwa shilingi milioni 90. Kiwanja kilinunuliwa kwa milioni 8, ujenzi wenye risiti na mikataba ya fundi ni milioni 57, dalali milioni 4.5, wakili milioni 1.5. Jumla ya gharama ni milioni 71. Faida ni milioni 19, kodi ni milioni 1.9.

Kwa asiye na kumbukumbu zozote za gharama, tangu mabadiliko ya 2022 kuna kiwango cha asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kile kilicho kikubwa. Kwa mfano huohuo, ikiwa thamani iliyoidhinishwa haizidi bei, ni milioni 2.7. Tofauti ya laki nane iko kwenye bahasha ya risiti.

Msamaha upo na wauzaji wengi wanaupita bila kuuona. Nyumba ya makazi binafsi, uliyoimiliki mfululizo miaka 3 au zaidi na ukaishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, haitozwi kama faida haizidi milioni 15. Ikizidi hapo, msamaha hauko tena. Shamba lenye thamani chini ya milioni 10 ambalo limetumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa nalo limesamehewa. Lakini msamaha haujileti. Unaombwa kwa barua na ushahidi: bili za maji na umeme za miaka hiyo, barua ya serikali ya mtaa.

Na hili ni la msingi kwa muda: Msajili hawezi kuhamisha jina bila uthibitisho wa TRA kwamba kodi hii imelipwa au haistahili kulipwa. Kodi hiyo hulipwa kabla ya uhamisho, si baadaye. Kama mpango wako ulikuwa kulipia kodi kwa pesa ya awamu ya mwisho, na mnunuzi naye anasubiri jina libadilike ndipo atoe awamu ya mwisho, mmefunga mlango kutoka pande zote mbili. Wakili hapo hana la kufanya. Panga awamu ya kwanza itoshe kodi, mthamini na wakili.

Mengine kwa haraka: TIN ya muuzaji na ya mnunuzi ziwe hai; majina yafanane na ya NIDA; bei kwenye mkataba iwe bei ya kweli. Bei ikiandikwa ndogo ili kukwepa kodi, ripoti ya uthamini itakuja na thamani kubwa, TRA watashika ile kubwa, na jalada litasimama kwa maswali.

Mkulima_Uyole

Mhasibu, ndaga fijo. Ushuru wa stempu analipa nani?

Mhasibu_Soweto

Mnunuzi. Asilimia 1 kwa nyumba na viwanja, na kwa ardhi ya kilimo ni shilingi 500 tu. Inalipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini, ukipitisha kuna adhabu. Waraka usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo kuulipia ni kumlinda mnunuzi mwenyewe. Na malipo yote ya serikali yawe kwa namba ya malipo. Pesa ya stempu haikabidhiwi mkononi kwa karani wa ofisi ya wakili.

Bi_Mdogo_Kihesa

Kamwene. Mimi naomba tuguse mirathi, kwa sababu nyumba nyingi za zamani za Kihesa, Mshindo, na hata Sokomatola kule Mbeya bado zina majina ya marehemu. Watoto wanakubaliana kuuza, wanamwita wakili, wanasaini wote, wanadhani kazi imekwisha.

Sahihi za watoto kumi hazihamishi nyumba ya marehemu. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Njia yake: kikao cha ukoo na muhtasari wake, cheti cha kifo, maombi mahakamani, tangazo la kuwaita wenye pingamizi, kisha barua ya usimamizi, ile ya Mahakama ya Mwanzo inayojulikana kama Fomu Na. 4. Baada ya hapo jina la msimamizi linaingizwa kwanza kwenye rejista ya ardhi kwa nafasi yake ya usimamizi, na ndipo yeye anamhamishia mnunuzi. Hizi ni hatua mbili za usajili, na wakili akikuambia ni moja, hajafanya upekuzi.

Kwenye Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa kurejesha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Wasimamizi wengi hukaa na barua yao hata miaka bila kurejesha chochote. Mnunuzi mwenye wakili makini ataomba kuona kama wajibu huo umetekelezwa, na hapo mauzo yanasimama. Usimamizi ukiwa umefungwa tayari, msimamizi wa zamani hana tena mamlaka ya kuuza. Angalia hilo kabla ya kupokea hata shilingi.

Na tafadhalini, mjane asisahauliwe. Sehemu ya nyumba inaweza kuwa yake mwenyewe kwa mchango wake kwenye ndoa, haingii kwenye kugawanywa kama urithi. Akipuuzwa, ana haki ya kwenda mahakamani, na hakuna wakili atakayeliharakisha jalada lenye kesi.

Mpima_Mipaka

Nakuja na mambo ya uwanjani, kwa ufupi.

Nyumba zilizo kando ya barabara kuu ya TANZAM, kuanzia Uyole, Mwanjelwa, Mafiati hadi Iyunga: pima umbali kutoka katikati ya barabara kabla ya mthamini hajaja. Sheria ya Barabara ya 2007 imepanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande. Zamani ilikuwa 22.5. Sehemu ya ukuta au fremu za biashara ikiwa ndani ya hifadhi, ripoti ya uthamini itasema, na bei mliyokubaliana itaanza kujadiliwa upya.

Nguzo za mipaka zionekane. Ukuta uliovuka kwa jirani hata mita moja unaleta barua ya malalamiko ofisini wiki ileile watu wanapoona mthamini anapita. Namba ya kiwanja na kitalu kwenye hati zifanane na za ramani ya upimaji. Palipogawanywa kiwanja bila kibali, hati ya mama, yaani ya kiwanja kizima, haiwezi kuuza nusu. Ugawaji usajiliwe kwanza.

Kwa wa Tunduma, Kasumulu na Kyela: mnunuzi asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wake. Dalali akileta mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, uraia uulizwe siku ya kwanza.

Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999 na uhamisho unapita Halmashauri ya Kijiji kwa muhtasari wa kikao. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

Kipanga_wa_Gangilonga

Naomba tujadili hili: wakili mmoja kwa pande zote mbili. Huku wengi wanafanya hivyo kupunguza gharama na mimi naona kwa mauzo safi inaharakisha. Fomu zote ziko meza moja, hakuna barua za kurushiana.

Mwenyeji_Forest

Kaka Kipanga, hapo sikubaliani nawe. Inaharakisha mpaka siku ya kutoelewana. Mnunuzi akichelewa awamu ya pili, wakili huyohuyo amwandikie nani barua ya kudai? Akimwandikia mnunuzi anamsaliti mteja wake, akinyamaza anakusaliti wewe. Kinachotokea ni kunyamaza. Na kunyamaza huko ndiko watu wanakoita ucheleweshaji.

Kipanga_wa_Gangilonga

Hoja ninaielewa. Ila kwa nyumba ya milioni 25 Mtwivila, mawakili wawili ni mzigo.

Mwenyeji_Forest

Basi wa pili asishike jalada zima. Mlipe kwa kazi moja tu, kusoma mkataba kabla ya kusaini na kukueleza vifungu vya malipo. Hiyo ni ada ndogo, na risiti ya EFD udai.

Kalamu_ya_Mafinga

Mkataba ndio unaomfunga kila mtu muda, pamoja na wakili. Mikataba mingi ya huku imeandikwa "uhamisho utafanyika mapema iwezekanavyo". Sentensi hiyo haimbani mtu yeyote. Naweka hapa vifungu vya mfano, mkavipeleke kwa mawakili wenu wavirekebishe:

"Muuzaji atakabidhi kwa Wakili, ndani ya siku 3 tangu kusaini, hati halisi, ridhaa ya mwenza, nakala ya kitambulisho, TIN, na risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu."

"Wakili ataomba uthamini na kuwasilisha maombi ya makadirio ya kodi ndani ya siku 7 tangu kupokea nyaraka hizo, na atawapa pande zote nakala ya kila uthibitisho wa kupokelewa ndani ya siku 2 tangu aupate."

"Malipo: asilimia 30 siku ya kusaini, asilimia 50 siku fomu za uhamisho zitakapopokelewa ofisi ya ardhi kwa mhuri, asilimia 20 siku jina la Mnunuzi litakapoandikwa kwenye rejista."

"Ucheleweshaji unaotokana na ofisi ya umma, ukithibitishwa kwa maandishi, hautahesabiwa kama kosa la upande wowote."

"Muda uliotajwa katika vifungu vya malipo ni kiini cha mkataba huu."

Kifungu cha mwisho ni kizito, msikiweke bila kukielewa. Kwa kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, muda ukiwa kiini cha mkataba, aliyecheleweshwa anaweza kuuvunja. Ukiwa si kiini, hawezi kuuvunja kwa kuchelewa tu, anabaki na haki ya kudai fidia. Muuzaji anayejua karatasi zake hazijakamilika akikiweka kinaweza kumgeukia yeye.

Asilimia za malipo ni za kujadiliana. Jambo ninalolisisitiza ni kwamba kila awamu ifungwe kwenye karatasi inayoonekana. Tarehe tupu haitoshi.

Wakili naye awe na barua yake ya kazi, tofauti na mkataba wa mauziano: afanye nini, kwa ada gani, ada inalipwa lini, nani anagharamia mthamini. Ukimlipa ada yote siku ya kwanza, umejinyang'anya mwenyewe nguvu ya kumharakisha. Nusu mwanzo, robo fomu zikipokelewa, robo usajili ukikamilika ni mgawanyo ambao mawakili wengi wanaukubali ukiombwa mapema na kwa heshima. Pesa ya nyumba yenyewe, ikiwa itapitia kwake, ikae akaunti ya wateja, isichanganyike na ya ofisi yake.

Nuru_Tukuyu

Na kama nyumba iko kwenye rehani ya benki?

Kalamu_ya_Mafinga

Dada, omba benki barua ya salio la mkopo yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu riba inatembea kila siku. Mkataba uelekeze sehemu ya malipo ya mnunuzi iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Benki ikishalipwa inatoa hati ya kuondoa rehani pamoja na hati ya nyumba. Hapa kuna kosa la kawaida: watu wanabeba hati wakidhani wamemaliza. Rehani inabaki kwenye rejista mpaka uondoaji wake usajiliwe, na upekuzi wa mnunuzi utaiona. Mwambie wakili asajili uondoaji siku ileile aliyoipokea.

Mkulima_Uyole

Swali: kwenye hati jina ni Anyelwise, NIDA ni Anyelwisye. Wakili anasema twende mahakamani. Ni kweli?

Mwenyeji_Forest

Kwa tofauti ya herufi moja, kwa kawaida kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja kinatosha, kikiambatana na nyaraka nyingine zinazounga mkono: cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ubatizo. Jina likiwa tofauti kabisa, kwa mfano aliongeza la ukoo au alibadili dini, inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mahakamani hapana. Muombe wakili aandike sababu ya kwenda huko. Maelezo yakishaandikwa huwa yanakuwa mafupi zaidi.

Aliye Dar es Salaam au nje ya nchi asitume sahihi kwa picha. Atoe hati ya uwakilishi kwa mtu wa hapa, ithibitishwe na mthibitishaji wa huko au ubalozi, na isajiliwe kwa Msajili. Iandikwe wazi kuwa anayepewa ana mamlaka ya kuuza, kusaini fomu za uhamisho na kupokea fedha. Ikisema "kusimamia nyumba yangu" tu, itarudishwa.

Bi_Mdogo_Kihesa

Turudi kwenye wakili mwenyewe sasa. Karatasi zote zimekamilika, kodi ya pango imelipwa, na bado hapokei simu. Hatua gani?

Kalamu_ya_Mafinga

Anza kwa kuhakiki kama ana leseni hai. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unaonyesha jina na hali yake. Leseni za uwakili ni za mwaka, zinaisha tarehe 31 Desemba, na wakili asiyehuisha hana mamlaka ya kuandaa nyaraka hizo. Januari na Februari hili huwa sababu halisi ya kimya cha ghafla, lichunguze mapema.

Kisha barua. Simu haziachi alama. Iwe ukurasa mmoja, isiyo na matusi, na iseme hivi:

"Ndugu Wakili, rejea kiwanja Na. … Kitalu … . Tarehe … nilikukabidhi nyaraka zifuatazo (zitaje moja moja). Naomba ndani ya siku 7 unipatie nakala ya: (a) majibu ya upekuzi, (b) ripoti ya uthamini au barua ya kuiomba, (c) makadirio ya TRA, (d) fomu za uhamisho zenye mhuri wa kupokelewa. Kama kuna hatua ambayo haijafanyika kwa sababu ya upungufu kwa upande wangu, nitajie kwa maandishi."

Sentensi ya mwisho usiitoe. Inampa nafasi ya kusema ukweli bila aibu, na mara nyingi unagundua kuna karatasi moja aliyosahau kukuomba. Mpelekee mkononi, upate sahihi ya kupokea kwenye nakala yako, na nyingine itume kwa barua pepe.

Siku 7 zikipita, barua ya pili ya kusitisha kazi na kuomba jalada lako. Kubadili wakili ni haki yako. Anachoweza kudai ni ada ya kazi aliyokwisha kuifanya, na kwa ada hiyo anaweza kushikilia nyaraka mpaka alipwe, kwa hiyo omba hesabu iliyochanganuliwa na ulipe kinachostahili. Usiingie vita ya laki mbili ukiwa na mauzo ya milioni 60 yanayosubiri.

Akikataa kabisa, nenda kwa viongozi wa Chama cha Mawakili, TLS, wa kanda yenu. Simu ya kiongozi kwa mwanachama mwenzake hufungua milango mingi bila malalamiko rasmi. Ikishindikana, Kamati ya Mawakili ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu, na malalamiko yake yanakwenda na kiapo na vielelezo. Barua zako mbili zenye sahihi ya kupokelewa ndizo vielelezo.

Mhasibu_Soweto

Nyongeza kwa anayebadili wakili: makadirio ya TRA na namba ya malipo ni vyako, vimetolewa kwa TIN yako. Usianze upya. Nenda TRA na kitambulisho uombe nakala. Ripoti ya uthamini nayo ni ya kwako ikiwa ulilipia, mthamini atakupa nakala.

Nuru_Tukuyu

La mwisho kutoka kwangu. Mnunuzi anatishia kudai pesa yake yote Ijumaa hii. Fomu zina mhuri wa kupokelewa wa wiki iliyopita.

Mwenyeji_Forest

Dada Nuru, mpelekee nakala ya huo mhuri leo, usisubiri Ijumaa. Ambatanisha risiti ya TRA. Mwandikie kwamba jalada liko ofisi ya ardhi tangu tarehe hiyo, kisha mualike muende naye masijala asubuhi akaulize kwa namba ya jalada yeye mwenyewe. Kama mkataba wenu una kifungu cha ofisi ya umma alichoweka Kalamu hapo juu, kinukuu. Kama hakina, pendekeza nyongeza ya mkataba ya ukurasa mmoja inayosogeza tarehe ya kukamilisha, msaini wote wawili mbele ya wakili asiye wa upande wowote. Wakati huohuo omba hati ya kiwanja ionekane kwenye orodha ya nyaraka zilizopokelewa, ili ijulikane iko ofisi ipi, maana hilo ndilo mnunuzi analoliogopa hasa.

Mkishamaliza usajili, badilisheni jina la mita ya LUKU, maana kodi ya majengo inakatwa humo kila mwezi, na akaunti ya maji pale Mamlaka ya Maji Mbeya au IRUWASA. Deni la maji lisomwe siku ya kukabidhi funguo, pande zote zisaini usomaji wa mita.